CHAGUA VIZURI MUGUU WAKO WA TATU



Kofia ya kazi, viatu vya chuma na miwani ya kulinda macho, hivyo vyote unavijua. Leo tunataka kusema nawe juu ya kitu kingine ambacho watu wengi wanakidharau: fimbo ya kutembelea. Utasema: «Mimi niko na miguu yangu mizima, fimbo ni ya nini?» Ngoja kwanza. Angalia mu nyumba yako na mu nyumba ya jirani. Hakuna muzee mwenye maumivu ya magoti? Hakuna mutumishi mwenye kuvunjika muguu ku kazi ao ku kinga? Hakuna mama mwenye kupatwa na kiharusi, upande moja wa mwili ukabaki zaifu? Hakuna mutoto mwenye muguu mwembamba sababu ya polio? Kama hakuna leo, kesho anaweza kuwa mumoja wenu.

Fimbo yenye kuchaguliwa vizuri inamurudishia mutu njia ya soko, ya kanisa, ya hopitali, ya kuzungumza na rafiki zake. Fimbo mbaya inamuangusha. Na muzee akianguka, mufupa wa nyonga unaweza kuvunjika, na mufupa ule ukivunjika, wengi hawatembei tena kama mbele. Ndiyo sababu jambo hili ni jambo la usalama, sawa na kofia ya kazi.

KWA NINI TUNATAFUTA FIMBO NYEPESI?

Watu wengi wanafikiri hivi: «Fimbo nzito ndiyo yenye nguvu.» Kwa hiyo wanaenda kwa fundi wa vyuma, wanamwambia akate kipande cha bomba la mayi, apinde juu, basi fimbo imekwisha. Bomba la namna hii, hata la upana mudogo, likiwa na urefu wa santimetre 90, linafika kilo 1 na zaidi. Fimbo ya aluminiumu ya urefu ule ule ina uzito wa karibu gramu 400.

Utasema: «Kilo 1 ni nini? Mimi ninainua mizigo mikubwa.» Tufanye hesabu pamoja. Muzee anatoka nyumbani, anaenda soko, anarudi. Tuseme ameinua fimbo yake mara 1 000. Na fimbo ya bomba, mukono wake umeinua kilo 1 000. Na fimbo ya aluminiumu, umeinua kilo 400. Tofauti ni kilo 600. Ni sawa na mifuko 12 ya sima, ya kilo 50 kila mufuko! Na mukono ule ni mukono wa mutu mwenye kuwa na miaka 70 ao wa mutu mwenye kutoka hopitali.

Unajua mwisho wake. Siku ya kwanza anabeba fimbo. Siku ya tatu bega linauma. Siku ya kumi fimbo inabaki nyuma ya mulango, na muzee anatembea akishika kuta. Siku moja ukuta unakwisha, na yeye anaanguka. Fimbo yenye kubaki nyuma ya mulango haimusaidii mutu hata kidogo.

Lakini usikosee: nyepesi si zaifu. Aluminiumu ina uzito wa karibu sehemu moja ya tatu ya chuma, lakini ikitengenezwa kama bomba lenye tundu ndani, inabeba mutu muzima bila kupinda. Mara nyingi uzito ambao fimbo inaweza kubeba umeandikwa juu yake ao ku karatasi yake, kwa mufano kilo 100. Soma mbele ya kulipa. Kama mwenye kuitumia ana kilo 110, fimbo ile si yake, hata ikiwa nzuri namna gani.

KWANZA UJUE UNATAFUTA MUSAADA GANI

Mbele ya kutoa feza, ujiulize: mutu huyu anakosa nini? Anakosa nguvu ya muguu moja? Anakosa kusimama imara? Ao munganga amemukataza kabisa kukanyaga? Kila shida ina chombo chake.

Fimbo ya kawaida. Inafaa kwa mutu ambaye muguu moja ao goti moja linauma, ao ambaye anayumba kidogo. Fimbo moja inaweza kutosha muguu mugonjwa sehemu ya uzito, hata karibu robo ya uzito wa mwili, kama inashikwa sawasawa. Haiwezi kubeba mwili wote.

Fimbo ya miguu mine chini. Hii inasimama peke yake. Inasaidia mutu wa kiharusi mwenye kutumia mukono moja tu. Lakini ni nzito kupita fimbo ya kawaida, na miguu yake yote mine inapashwa kugusa chini mara moja. Katika njia yenye mawe na mashimo inayumba. Ni nzuri zaidi ndani ya nyumba na juu ya sima.

Bekiyi ya mukono. Ni ile yenye kushikwa na mukono, na juu kidogo kuna pete yenye kufunga mukono chini ya kisukusuku. Ni nyepesi, inafaa kwa mutu wa kutumia siku nyingi. Bekiyi mbili za namna hii zinaweza kuachilia muguu moja kabisa.

Bekiyi ya kwapani. Ni ile ya zamani, ya mbao ao ya aluminiumu, yenye kufika karibu na kwapa. Inafaa kwa siku za plastre. Lakini ina hatari yake, tutaisema mbele.

Kiunzi cha miguu mine. Mutu anasimama katikati na kukishika na mikono miwili. Kile cha aluminiumu kina uzito wa karibu kilo 2 ao 3. Kinamupa mutu imara kupita vyote, lakini hakipandi ngazi, na kikiwa na magurudumu madogo, kinakwama mu muchanga na mu matope.

Na fimbo nyeupe? Ile ni ya mutu asiyeona. Kazi yake ni kupapasa njia na kuonyesha watu wa motokari kwamba mwenye kupita haoni. Haikutengenezwa kwa kubeba uzito. Usimupe muzee wako fimbo nyeupe kwa kuegemea: inaweza kuvunjika, tena inadanganya watu.

KIPIMO: HAPA NDIPO WATU WENGI WANAKOSEA

Fimbo inayokuwa ndefu kupita inasukuma bega juu, na shingo inauma. Fimbo inayokuwa fupi inamuinamisha mutu, mugongo unauma, na yeye anaanguka mbele. Kipimo si kazi ya macho. Fanya hivi:

Mutu avae viatu ambavyo anavaa siku zote. Asimame wima, akiweza, aegemeze mugongo ku ukuta. Mikono yote miwili ianguke chini bila nguvu. Mutu mwingine apime toka chini mupaka ku kifundo cha mukono, pale mukono unapokunjika. Pale ndipo mahali pa kushika fimbo panapashwa kufika. Akishika fimbo, kisukusuku kikunjike kidogo tu, si kunyooka kabisa.

Kwa mutu wa metre 1 na santimetre 70, kipimo kinakaribia santimetre 85. Lakini usikate fimbo kwa kusikia namba hii. Watu wa urefu moja hawana mikono ya urefu moja. Pima mwenyewe.

Kwa bekiyi ya kwapani, acha nafasi ya vidole viwili ao vitatu katikati ya kwapa na sehemu ya juu ya bekiyi. Mahali pa kushika pawe ku kifundo cha mukono, sawa na fimbo. Kwa bekiyi ya mukono, pete ikae chini ya kisukusuku kwa vidole viwili ao vitatu, isizuie mukono kukunjika.

Kwa mutoto, kumbuka kwamba anakomaa. Bekiyi yenye kumufaa wakati wa kuanza masomo inaweza kuwa fupi mbele ya mwisho wa mwaka. Umupime mara mbili kwa mwaka. Mutoto hatakuambia kwamba imekuwa fupi: ataanza tu kuinama, na mugongo wake utapinda.

HATARI YA KWAPA

Angalia vizuri, ndugu. Mutu wa bekiyi ya kwapani hapashwi kutundika mwili wake ku kwapa. Uzito unabebwa na mikono. Kwapa inalinda tu bekiyi isitoke, mutu akiibana ku mbavu.

Kwa nini? Kwa sababu mu kwapa munapita mishipa yenye kuupa mukono nguvu na kusikia. Mutu akijitundika pale kila siku, mishipa inabanwa. Vidole vinaanza kufa ganzi, kisha kifundo cha mukono kinaregea, hawezi tena kuinua kiganja. Huyu aliingia hopitali juu ya muguu, sasa ana shida ya mukono pia! Ukiona dalili hizi, usingoje. Acha kujitundika, na uende kwa munganga siku ile ile. Usifikiri kwamba kuongeza kitambaa laini juu ya bekiyi kunatosha. Kitambaa kinapunguza maumivu ya ngozi tu. Kama bekiyi ni ndefu kupita, ao mutu anajitundika, mushipa utabanwa vilevile.

FIMBO YA KUTENGENEZA HAPA KWETU

Si kila mutu ana feza ya kununua aluminiumu. Hiyo si sababu ya kukaa bila fimbo. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza fimbo nzuri na nyepesi, kama anachagua muti vizuri.

Mu pori letu la Katanga, mulombwa ni muti muzuri kwa kazi hii. Si muzito kama miti mingine mingi ya pori, na ukikauka haupindi kwa urahisi. Ndiyo sababu mafundi wanaupenda kwa meza na viti. Muti uwe mukavu. Muti mubichi ni muzito, na ukikauka unapinda ao kupasuka. Chagua kipande ambacho mistari yake inakwenda sawa toka juu mupaka chini, bila fundo katikati. Pale penye fundo ndipo fimbo inavunjika.

Mwanzi pia ni mwepesi na una nguvu. Chagua ule mukavu wenye kukomaa, na ukate chini kidogo ya kifundo chake, ili chini pafungwe na kifundo. Ukikata katikati ya vifundo viwili, ncha itapasuka upesi. Angalia mwanzi kila juma. Ukiona mupasuko wa kwenda na urefu, hata mudogo kama unywele, usiufunge na kamba na kuendelea. Tafuta mwingine.

Mahali pa kushika pawe panene kiasi cha kujaza mukono, pasiwe pa kuteleza wala pa kukata ngozi. Juu ya fimbo pakiwa mviringo kama yai, mutu hawezi kuegemea vizuri. Afazali pawe pa kulala, kama mupini mufupi. Na mwambie fundi aache urefu kidogo zaidi: fimbo ndefu unaweza kuikata tena, ile fupi huwezi kuirefusha. Usisahau kuhesabu unene wa mupira wa chini.

MUPIRA WA CHINI NI KAMA PINE YA MOTOKARI

Fimbo bila mupira chini ni hatari. Juu ya sima yenye mayi, inateleza kama juu ya sabuni. Mupira unapashwa kuwa mupana, wenye mistari, na wenye kubana fimbo vizuri.

Kila juma, geuza fimbo yako uangalie. Mistari imekwisha? Mupira umepasuka? Umekula upande moja? Ubadilishe. Feza ya mupira ni ndogo kuliko feza ya plastre. Wakati wa mvula, matope yetu mekundu yanajaza mistari, na mupira mupya unateleza sawa na wa zamani. Mbele ya kuingia nyumbani, upanguse na kitambaa. Wakati wa kiangazi, mavumbi juu ya sima laini yanafanya vilevile.

Kama fimbo yako inarefushwa na kifungo chenye kuingia mu tundu, angalia kwamba kifungo kimetoka chote, na usikie sauti yake. Kikitoka nusu, fimbo itaingia ndani siku utakayoiegemea kwa nguvu. Na bekiyi mbili zihesabiwe matundu: namba moja kushoto, namba ile ile kuume.

NAMNA YA KUTEMBEA NAYO

Swali: fimbo inashikwa na mukono gani? Wengi wanajibu: «Mukono wa upande wa muguu mugonjwa.» Hapana! Fimbo inashikwa na mukono wa upande MUZIMA. Kama muguu wa kuume ndio wenye kuuma, fimbo iwe mu mukono wa kushoto.

Sababu yake ni hii. Angalia mutu mwenye afya akitembea: muguu wa kuume ukienda mbele, mukono wa kushoto unaenda nao. Ndivyo mwili ulivyo. Fimbo ikiwa upande ule mwingine, inagawanya uzito pamoja na muguu mugonjwa, na nyonga inapumuzika. Ikiwa upande moja na ugonjwa, mutu anaangukia upande wake mubaya kwa kila hatua.

Fimbo na muguu mugonjwa vinaenda mbele pamoja. Kisha muguu muzima unafuata. Hatua fupi. Polepole ndio mwendo.

Ku ngazi, shika neno hili na uwafundishe watoto: MUZIMA UNAPANDA MBELE, MUGONJWA UNASHUKA MBELE. Ukipanda, muguu muzima unatangulia, kisha mugonjwa na fimbo. Ukishuka, fimbo na muguu mugonjwa vinatangulia, kisha muzima. Kama kuna mahali pa kushika ku ukuta ao chuma cha ngazi, mukono moja ukishike siku zote.

NYUMBA NAYO ITENGENEZWE

Mama wa nyumba, hapa kazi ni yako na ya watoto. Toa kamba ya umeme katikati ya njia. Toa kitambaa cha chini chenye kukunjika. Ndoo isibaki ku mulango. Mayi yakimwangika juu ya sima, yapanguswe mara moja. Kama choo kiko inje, njia yake isafishwe, na muzee awe na taa karibu na kitanda, kwa sababu umeme unaweza kukatika usiku. Wazee wengi wanaanguka usiku wakienda choo, na fimbo imebaki mbali.

Mutu wa fimbo asibebe beseni ku kichwa wala ndoo mu mukono. Vitu vyake aviweke mu mufuko wa mugongoni, ao wenye mukanda wa kupita ku bega moja mupaka upande mwingine.

NA WEWE MUTUMISHI

Kama umeumia, usirudi ku kazi na fimbo kwa kujificha, kwa kuogopa kwamba watasema umekuwa muvivu. Mahali penye vyuma vya matundu chini, ncha ya fimbo inaingia mu tundu na kukuangusha. Penye mafuta, penye mukanda wa kusafirisha mawe, penye ngazi za kusimama, fimbo haiwezi kukulinda. Munganga ndiye wa kusema siku ya kurudi, na kazi gani unaweza kufanya. Chukua karatasi yake, uionyeshe mukubwa wako wa kazi.

Tena, fimbo haiponyeshe kizunguzungu. Kama mutu anayumba kwa sababu kichwa kinazunguka, ao macho hayaoni vizuri, ao miguu yote miwili imeanza kukosa nguvu, apelekwe kwa munganga kwanza. Kumununulia fimbo na kunyamaza ni kufunika ugonjwa.

FIMBO SI HAYA

Neno la mwisho. Tunajua wanaume wenye kukaa ndani miezi mingi kwa sababu wanasikia haya kuonekana na fimbo. Wanasema: «Watu watanicheka, watasema nimekwisha.» Ndugu, tangu zamani fimbo ilikuwa mu mikono ya nani hapa kwetu? Ilikuwa ya wakubwa. Ku Waluba, fimbo ya utawala inaitwa kibango, na ilikuwa alama ya heshima. Hakuna mwenye kuicheka. Basi, mwenye kushika fimbo ili aende mwenyewe kuona wajukuu wake hakukwisha. Mwenye kukwisha ni yule mwenye kuacha miguu yake ilale mpaka isahau kutembea.

SHIKA MANENO HAYA NANE

1. Uliza munganga ni chombo gani kinafaa.
2. Chagua nyepesi, lakini soma uzito inaoweza kubeba.
3. Pima ku kifundo cha mukono, na viatu ku miguu.
4. Mbele ya kulipa, tembea nayo hatua 30, uegemee, usikilize kama inalia ao inacheza.
5. Shika fimbo upande muzima.
6. Muzima unapanda mbele, mugonjwa unashuka mbele.
7. Usijitundike ku kwapa.
8. Angalia mupira wa chini kila juma.

Leo jioni, ukifika nyumbani, omba muzee wako akuonyeshe fimbo yake. Igeuze, angalia mupira. Musimamishe wima, pima. Ni kazi ya dakika tano.